Kamanthe Maundu, Maji ya Vyombo na Jirani Mwenye Wivu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006, Bi. Kamanthe Maundu anavua aproni yake baada ya miaka ishirini na minne na miezi mitano katika jiko la kituo chetu cha mafunzo ya kanisa hapa Machakos. Aliajiriwa Februari 1982 kama msaidizi wa jikoni, akawa mpishi mkuu mwaka wa 1989. Mhariri wa jarida hili, Mchungaji Bartholomew, ameniomba mimi, Waruguru wa ofisi ya uchapaji, niandike wasifu huu kwa sababu nyumba zetu zimepakana tangu 1991. Hajui alichoniomba. Nimemwonea mwanamke huyu wivu kwa miaka kumi na mitano. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Alipoanza kazi, jiko letu lilikuwa likila lori zima la kuni kila mwezi. Yeye ndiye aliyeisumbua kamati hadi majiko ya kuokoa kuni yakajengwa, na lori lile lile likaanza kutosha muhula mzima. Pakiti za maziwa hakuzitupa. Alizijaza udongo akaoteshea miche ya mipapai. Maganda ya viazi na ndizi yalikwenda shimoni yakawa mbolea. Mifuko ya nailoni iliyonasa kwenye ua aliiokota akienda ibada ya asubuhi, na nyimbo nyingi ameziimba huku mfuko wa aproni umejaa takataka za watu wengine. Hakuhubiri. Ukimwuliza, alikujibu kwamba Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza, na yeye hajasikia siku amri hiyo ilipofutwa.

Mimi natoka Murang'a, na nilikuja hapa nikiamini nitawafundisha Wakamba kulima mboga. Kila Jumamosi nilifagia majani yote ya uwanja wangu nikayachoma, nikajiona nadhifu. Kamanthe aliniomba majani hayo mara mbili ili afunike udongo wake. Nilimnyima. Niliona heri yawe majivu kuliko yalale chini ya mboga zake. Wageni wote wa kituo walipelekwa kuiona bustani yake, na njia ya kwenda huko inapita mlangoni pangu. Hakuna aliyesimama. Nilichungulia nyuma ya pazia, roho ikiniuma.

Mwaka wa 2000 ukatupiga ukame. Mfereji ulitoa maji mara mbili kwa wiki, na tukakatazwa kumwagilia bustani. Sukuma wiki yangu ilikufa yote. Ya Kamanthe ikabaki kijani. Nilikuwa nimemwona akitoka jikoni na ndoo za maji machafu, basi nami nikaanza kumwaga yangu: maji ya kufulia, yenye sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha nguo. Baada ya wiki mbili hata nduma ziligeuka njano. Nikajiambia kuna siri ananificha.

Zamu yangu ya kuongoza maombi ya wafanyakazi iliangukia Jumatano. Sote tunajua jinsi Mkristo anavyoweza kumpiga mwenzake mawe huku amefumba macho. Nilimwomba Bwana awaguse wale wanaoficha maarifa, wale wanaopenda kusifiwa na wageni ilhali jirani zao wanakauka. Sikutaja jina, wala hakukuwa na haja. Munyiva wa stoo alifumbua macho kabisa akamtazama. Kamanthe aliitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote.

Jioni hiyo alikuja uani kwangu. "Mama Wanja," akaniambia, "hiyo maji yako iko na dawa ya nguo. Hiyo ni ya kumwaga choo. Ya mboga ni ya vyombo, na mimi nasugua sufuria na jivu." Kisha akanishika mkono akanionyesha pipa lake la mchanga na makaa, ambamo maji ya vyombo hupita kabla ya kufika bustanini. Pipa lilikuwa wazi nyuma ya jiko miaka yote. Sikuwahi kuuliza, kwa sababu kuuliza ni kukubali kwamba mwenzako anajua.

Wiki iliyofuata zamu ilikuwa yake. Wafanyakazi walijaa kuliko siku ya Krismasi, wakingoja nipewe changu. Maombi yake yalikuwa mafupi: "Baba, hii mvua ikikuja, anzia kwa Mama Wanja. Yeye ndiye ameumia." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilitamani ardhi inimeze.

Msidhani nilipona. Mwaka wa 2003, mboga zangu zilipowekwa mbele kabisa Jumapili ya mavuno, watu watatu waliniuliza kama mbegu nilipewa na Kamanthe. Nilikuwa nimepewa na Kamanthe.

Kwa miaka sita nimepokea miche yake na kula mapapai yake, na sijawahi kumwomba radhi. Nilimkosea mbele ya watu. Kumwomba msamaha tukiwa wawili niliona hakutoshi, na mbele ya watu niliona aibu. Leo naandika mahali ambapo kila mfanyakazi atasoma: Kamanthe, maombi yale yalikuwa ya wivu. Hukuficha kitu. Nisamehe.

Anahamia shambani kwake Mwala, ambako matuta ya kuzuia maji tayari yamechimbwa. Jumamosi iliyopita jirani yake wa huko, Bi. Kasyoki, alikuja na pikapu kubeba miche. Aliipanga pakiti moja moja kwa upole, akimwita "mwaitu", yaani mama yetu, na wakacheka pamoja kwa Kikamba ambacho mimi bado nakisikia nusu. Sikutoka kuwasaidia. Nilirudi ndani nikafunga mlango.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante Kamanthe kwa chakula, kwa kivuli cha miti uliyopanda, na kwa udongo ulioutunza kama amana. Tunakutakia mvua ya kutosha, magoti yenye nguvu na uzee mtamu. Bi. Kasyoki sijui nimtakie nini. Yeye ndiye atakayekuwa jirani yako.