Jumapili Tatu

Ndani ya Hiace iliyotoka Ngara kwenda Biharamulo, Domisiana alikaa nyuma ya watu wawili waliofahamiana humo humo garini, wakaungana kuwasema wateja.

"Kazi ya haraka ninayokubali ni jeneza tu," alisema seremala mmoja mzee. "Marehemu hakuijua siku yake. Lakini bwana harusi katangazwa kanisani Jumapili tatu, halafu Ijumaa anakuja mbio anataka kitanda."

"Ukimfukuza atalala wapi, baba?" aliuliza jirani yake, mama fundi cherehani. "Mimi nawasema mpaka machozi yawatoke, kisha nashona."

"Ndiyo maana hawakomi. Mnawadekeza."

"Na ndiyo maana vitanda wanafuata mjini."

Domisiana alijifanya amesinzia. Alikuwa amepakata mfuko wenye kitenge ambacho hakijashonwa, cha harusi ya mdogo wake, ya kesho, ambayo matangazo yake yote aliyasikia akiwa mstari wa mbele wa kwaya.

Gari likasimama Nyakahura. "Fundi Ernesta, umefika," konda akamwambia yule mama. Ndilo jina la fundi ambaye Domisiana alielekezwa kwake. Akashuka nyuma yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Shikamoo, fundi."

Seremala akafungua dirisha asikie vizuri.

Ernesta hakumtazama usoni, aliutazama mfuko. "Marahaba. Ilitangazwa mara ngapi?"