Kivuli Juu ya Viota

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa kitandani nisipate tabu ya kupaza sauti, maana sauti iliyobaki ni ya kuazima, na wewe Redio, kitinda mimba wangu, zima hiyo simu kabla sijakuachia laana badala ya urithi. Niinueni kidogo. Mto uwekeni mgongoni. Hapana, rudisheni. Basi acheni, hakuna mlalo utakaonifaa asubuhi ya leo, miguu hii inatapatapa kwa sababu inajua inakotaka kwenda na haina tena nguvu ya kunifikisha. Mnawasikia watoto huko uani? Tangu jua halijachomoza wanagombania ndoo, kwa kuwa jana mmoja wao alichungulia ziwani akaja mbio hapa dirishani, anahema, ananiambia, "Bibi, wameingia! Mchanga wote umejaa visahani!" Perege wameingia kwenye kina kifupi kutaga, wanangu, na mvua ya kujaza ziwa inaweza kushuka hata kesho ikavifunika viota vyote, na nyinyi watu wazima mmejiinamia hapa kama abiria waliokosa basi.

Nitaanza na mali, kwa sababu nisipoanza nayo mengine hamtayasikia, masikio yatakuwa yanaisubiri. Nyumba hii ni yenu nyote, asiuze mtu hata tofali, na atakayekwama na maisha arudi alale bila kuulizwa maswali. Cherehani kubwa ni ya Redio. Najua mnashangaa. Domo lake halipumziki, lakini mikono yake imetulia, na mimi familia hii nimeilea kwa mikono iliyotulia, nimeketi kule gereji kwenye harufu ya gundi na sponji, nikishona viti ndani ya mabasi yaliyong'olewa injini, madereva wakiniita Mama Viti, sindano ikinitoboa vidole na kuwalisha nyinyi. Nguo zangu zote ni za mke wa Kobe, mkwe wangu huyu aliyeniogesha muda wote huu bila kukunja uso, na wewe binti yangu usitie neno hapo. Ngazi iliyo nyuma ya choo si yetu, ni ya jirani, niliiazima wakati wa kupaka rangi nikajisahaulisha, irudishwe leo pamoja na shukrani. Na yule mchimba mchanga anayeutamani ufukwe wetu, ambaye kwa muda mrefu nikimwona napinda njia, nimemsamehe, mwambieni hivyo. Lakini ufukwe wangu hapati, wala hapati mwingine yeyote.

Nipeni maji. Kidogo. Inatosha.

Ufukwe, basi. Kile kipande kutoka kwenye matete mpaka kwenye jiwe la kufulia. Mlinijia hapa kila mmoja kwa wakati wake, kwa kunyatia, mkidhani mama akiugua anakuwa kiziwi. Wewe Kobe, mwanangu wa kwanza, niliyekupa jina hilo kwa sababu hata kutembea ulianza umechelewa, ulikaa pale kwenye stuli ukasema, "Mama, pale tupauze tu, panatuletea maneno." Na wewe Sindano, binti yangu mwembamba mwenye ncha, ukasema, "Mama, mtu akitaka kupajaza kifusi, mimi mwenyewe nitambebea karai." Hilo ndilo jambo pekee mlilokubaliana tangu msimu uliopita, na hata hilo hamkuliambiana. Mnaishi nyumba zinazotazamana, mnapishana mlangoni kwangu kama wapangaji, na Sindano akitaka kupita anamwambia mke wa kaka yake, "Wifi, mwambie mumeo asogee." Asogee! Mtu uliyelala naye mkeka mmoja!

Nigeuzeni nitazame dirisha. Haya.

Mnakumbuka mlivyokuwa? Nilikuwa nikirudi gereji na mabaki ya uzi wa viti mfukoni, ule uzi mnene ambao hata basi likipinduka haukatiki, tunafunga ndoana mwishoni, tunakata kipande cha ndala kuukuu kiwe boya, nyungunyungu tunachimbua pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, halafu tunashuka. Maji hayapiti magoti ya mtoto. Unaona viota chini, kimoja baada ya kingine, mviringo, safi, kila kimoja dume la perege amekifagia kwa mdomo na mkia, kisha amekaa katikati yake anatazama kila upande kama askari wa zamu. Nikawafundisha kwamba yule dume akishika ndoana hashiki kwa njaa, anashika kwa hasira, kila kinachoingia kiotani mwake anakiuma bila kukiuliza ni nini, ndiyo maana hata mtoto asiyejua kitu anaweza kumvua. Na jike, nikawaambia, mayai yake anayabeba mdomoni, hali chochote mpaka watoto waanguliwe na wajue kuogelea. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa kwamba kila mtoto akipata samaki amfungue kwanza mdomo, na akiona mayai au vichanga apige magoti amshikilie majini mpaka aondoke mwenyewe kwa nguvu zake. Redio alikuwa analia. Wewe, usikatae, ulikuwa unalia kila jike aliporudishwa, unasema, "Mama, huyo alikuwa wangu!" Nami nikikujibu kwamba huyo ana watoto wake.

Na tulikuwa na sheria nyingine niliyoikuta kwa baba yangu, naye aliikuta kwa baba yake: kivuli cha mtu mzima kisiguse maji. Perege wakiona kivuli kirefu wanadhani ni ndege, wanakimbilia kilindini, na watoto wanarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo mtu mzima alikaa nyuma, chini ya matete, akiwasikiliza watoto kwa sauti zao. Nilikaa hapo mimi. Alikaa hapo baba yangu. Na msimu uliopita, Sindano, alikaa hapo kaka yako.

Usitazame dari. Nitazame mimi.

Kobe aliwashusha watoto wote, wake na wa kwako, akaketi tunapoketi siku zote. Alikuwa akimsikia Chura wako akipiga kelele, huyo mjukuu tuliyempa jina la Chura kwa kupenda maji, halafu akasikia watoto wengine tu. Mchimba mchanga alikuwa amechota pale usiku bila ruhusa, ameacha shimo chini ya maji, na maji yalikuwa yamechafuka, hakuna jicho ambalo lingeliona. Kaka yako aliruka akamtoa kwa kola ya shati. Mtoto akatapika maji, akakohoa, akafumbua macho, akauliza samaki wake yuko wapi. Wewe ukafika mbio kutoka kazini, ukamuuliza kaka yako mbele ya watu, "Ulikuwa umekaa wapi?" Na huyu, kwa ulimi wake wa kikobe, akakujibu, "Nilikaa tunapokaa siku zote." Wewe ukasikia kejeli. Nami nakwambia hapakuwa na kejeli, binti yangu, lilikuwa jibu la mtu aliyefuata alichofundishwa na nusura kimuulie mtoto wa dada yake, na tangu siku hiyo hajala samaki. Muulize mkewe. Akiletewa sahani anasema ameshiba.

Sindano, mama yako anakuelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe uliona mwanao amelala mchangani hana rangi. Una haki ya kuogopa. Lakini woga wako umeulisha hasira mpaka umekuwa kama yule dume kiotani, unauma kila kinachokaribia, unamuuma hata aliyekutolea mtoto majini. Hasira hasara, mama. Umemfungia Chura uani, umemnyang'anya uzi, umemwambia ziwa lina jini, mtoto wa leo huyo wa kuambiwa habari ya jini! Sasa nikuulize, na usinijibu haraka. Unadhani aliyechungulia viota jana, akaja kunihemea hapa dirishani, alikuwa nani?

Kaa chini! Yuko uani, namsikia, sauti yake naijua. Kaa. Redio, mshike dada yako mkono.

Ni Chura. Alikwenda peke yake, na jana haikuwa mara yake ya kwanza, suruali yake imelowa hapa dirishani zaidi ya mara moja, nami nimenyamaza kwa sababu ningesema mngegombana tena na yeye angeongeza kujificha. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, wala si kifo, kifo tumeshazoeana. Nalala hapa nasikia mlango wa uani ukilia, nashindwa kuinuka, nabaki nahesabu pumzi mpaka nimsikie amerudi. Nikishaondoka nani atamsikia? Mtoto ziwa ameshalipenda, hilo halitoki tena. Lililobaki mikononi mwenu ni kama atakwenda mkiwa naye au atakwenda akiwakwepa.

Niwekeeni mkono mgongoni. Hapo. Panda kidogo. Ah.

Basi huu ndio wosia wenyewe, hayo mengine yalikuwa vyombo tu. Ile sheria ya kivuli nimeifuta. Baba yangu aliiweka na mimi binti yake nimeiondoa, na akinilaumu huko niendako nitamjibu mwenyewe, mimi na yeye hatukuwahi kukosa la kubishania. Kuanzia leo mtu mzima aingie majini pamoja na watoto. Kobe asimame upande wa kilindini, maji yamfike mapajani, wewe Sindano usimame upande wa pili, watoto wawe katikati yenu, na vivuli vyenu vilale juu ya viota. Perege watakimbia. Waacheni wakimbie, nyinyi simameni kimya, watarudi, wana watoto wao pale. Shimo lisiwatie hofu. Kiangazi nilimtuma Redio akalijaza matofali mabovu na changarawe, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alifanya jambo bila kulitangaza. Lakini mlipapase kwa miguu yenu kabla ya watoto, kila msimu, kwa sababu mchanga wa ziwa hautulii.

Kobe, nawe usijifiche nyuma ya upole. Upole wako ni mzuri, lakini umekaa mwaka mzima ukingoja dada yako akusamehe bila wewe kumwambia hata mara moja kwamba uliogopa. Mwambie. Kwamba siku ile hata kufuli ya mlango hukuweza kuifungua. Anafikiri wewe ni jiwe. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, lakini mchimba mchanga hakwenda kulima, anangoja mzidi kugombana avune mchanga wetu.

Mnalia nini? Bado nipo.

Nikishakwenda, nizikeni mapema, watu wasipigwe na jua kwa ajili yangu. Watoto wale kwanza ndipo waambiwe, mtoto mwenye njaa hajui kulia vizuri. Asiwepo mtu wa kusema kwamba nilikuwa malaika, nilikuwa fundi wa viti na nilikuwa na mdomo. Na... subirini. Pumzi inapotea njia. Subirini.

Haya. Nawabariki. Kobe, Mungu akupe kauli. Sindano, Mungu akupunguzie ukali wa ncha, asiiondoe, utaihitaji. Redio, Mungu akupe wateja wenye subira. Wajukuu wangu wote wapite majini na watoke. Sasa ondokeni. Sitaki watu wa kunikodolea macho hapa wakati jua limeshafika juu ya matete. Mke wa Kobe atabaki, yeye hanichoshi. Nendeni, nyote watatu, mkirudi mkinikuta mtanisimulia, na msiponikuta... msiponikuta mtakuwa mmeutimiza wosia wangu.

Kwa nini mmesimama? Miguu si mnayo?

Nani huyo amesema? Sindano? Umemwambia nini? Sijasikia vizuri, masikio... Sema tena, mama. Mwambie tena.

"Kaka, kunja suruali."

Ehee.

Mjibu, Kobe. Mjibu dada yako, usi... usichelewe leo. Mjibu huku mnatembea. Nendeni, wanangu. Nendeni.