Bi. Somoe Aliyeialika Temeke Nzima

Leo, tarehe 31 Desemba 1958, Bi. Somoe binti Jabiri anastaafu baada ya kuwa mkunga wa zahanati yetu hapa Temeke kwa miaka ishirini na saba. Alipoanza kazi, zahanati ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na kina mama wengi waliiogopa kuliko uchungu wenyewe. Leo wanatoka hadi Kiwalani kuja kwake, na wakimkosa hununa kana kwamba sisi wengine si wakunga.

Ni mkali, tusifichane. Baba aliyekuja kuranda nje huku mkewe akijifungua, Bi. Somoe alimkabidhi ndoo akachote maji. Waheshimiwa kadhaa wa mji huu wameshika ndoo ile, akiwemo Mzee Shomari, mwenyekiti wa baraza la mtaa, ambaye hapendi kukumbushwa.

Lakini watu wa Temeke wakimtaja Bi. Somoe hawaanzii kwenye ndoo. Wanaanzia mwaka 1955, pale baraza lilipoazimia kukifunga chumba chetu cha kuzalia, wajawazito wawe wanapelekwa mjini. Wajumbe wote walikuwa wanaume, na kwao mjini palikuwa karibu. Masika yaliyotangulia, mama mmoja alikuwa amejifungulia njiani akipelekwa mjini, kwenye tope, na mtoto hakupona. Bi. Somoe ndiye aliyemfunika mtoto yule. Sisi tuliokuwapo aliporudi tunajua alilia.

Uchaguzi wa baraza ulikuwa karibu. Kura zilipigwa kwa kusimama nyuma ya umtakaye, uwanjani mbele ya soko. Hakuna kanuni iliyowazuia wanawake, ila hawakuwa na desturi ya kwenda. Bi. Somoe angependa kugombea mwenyewe, lakini mtumishi wa zahanati hakuruhusiwa kuingia barazani wala kumpigia debe mtu, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa kazi. Akamshawishi Bi. Chausiku, muuza samaki mwenye sauti ya kutosha masoko mawili, agombee yeye.

Sasa wanawake watafikaje uwanjani? Bi. Somoe akafanya kama wanavyofanya wenyeji wa hapa wanapoalika harusi. Alivaa doti mpya ya kanga, akatia tambuu mdomoni, akapita nyumba kwa nyumba. Alisimama mlangoni bila kuingia, akasema: Bi. Chausiku anawaalika, Jumamosi asubuhi, uwanja wa soko. Hakuongeza neno, maana kuongeza kungekuwa kupiga debe. Mwanamke wa pwani akialikwa namna hiyo haulizi maswali, anakwenda.

Na kweli walikwenda! Walikuja na mbuzi za kukunia nazi, nyungo, visu na vifurushi vya mchele, tayari kupika pilau. Hilo mwalikaji wetu hakuliwazia kabisa.

"Binti Jabiri, nani anaoa hapa?" Mzee Shomari aliuliza.

"Haoi mtu, mzee. Tumekuja kwenye uchaguzi."

Basi zogo likaanza. "Mie nimewaacha watoto na njaa, kumbe harusi yenyewe hakuna!" alifoka mama mmoja wa Kiwalani, akajitwika ungo wake aondoke. Wengine wakaanza kumfuata. Bi. Chausiku alikuwa amesimama peke yake, sauti yote imemkauka, na nyuma yake hakuna hata paka.

Bi. Somoe alimtazama Mzee Shomari, na Mzee Shomari akamtazama yeye. Wote wawili walikijua kilichokatazwa. Bi. Somoe akatembea, mbele ya macho ya watu wote, akasimama nyuma ya Bi. Chausiku. Kisha akageuka.

"Nyie nyote nimesimama nanyi kwenye uchungu," alisema. "Leo simameni na mie. Wakikifunga kile chumba, mwanenu atazaliwa topeni."

Mama wa Kiwalani ndiye aliyerudi wa kwanza, ungo kichwani. Kufika adhuhuri mstari ulikuwa umepita bucha na kukata kona, na Bi. Chausiku akawa mwanamke wa kwanza kuketi katika baraza letu. Chumba cha kuzalia hakikufungwa. Mchele ule nao haukurudi nyumbani, ulipikwa palepale.

Jumatatu yake Bi. Somoe aliitwa kwa wakubwa wa kazi. Aliambiwa kwamba akirudia, kazi hana. Alirejea, akachemsha vyombo, akamzalisha mke wa karani. Tangu hapo, kila baraza lilipokutana, alikaa nje chini ya dirisha, kimya, akisikiliza wenzake wakiamua. Sisi tuliomjua tulikuwa tunaona jinsi kimya kile kilivyomuuma.

Dada yetu, asante kwa watoto wetu, kwa makaripio yako, na kwa asubuhi ile. Kuanzia kesho wewe si mtumishi tena, na katazo lile halikufungi. Tunakutakia afya na umri mrefu wenye furaha. Mapumziko hatukutakii, maana tumesikia kiti kingine cha baraza kinagombewa mwezi Machi, na kwamba jana ulikwenda kwa Mzee Shomari kutaja jina lako mwenyewe.

Felicitas Kokuberwa, muuguzi, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako