Sauti Iliyokuwa Kifuani mwa Mize

Asalaam alaykum, ndugu zangu. Sifa zote ni zake Mola aliyeniacha nisimame mbele yenu nikiwa na akili zangu, na mwanangu akiwa hai. Mimi si mtu wa kuhutubia. Nimezoea kuzungumza na samaki walioko kwenye kikaango, na hao hawanijibu. Lakini mwalimu wetu wa darsa ameniomba, na jambo lenyewe limenikaa kooni muda mrefu. Nikilimeza tena litanikaba.

Mimi ni mtu wa kisiwa cha Kudhaa, kusini mwa Kismayu. Mume wangu, Shee, ni fundi wa kuunda mashua. Tulikaa miaka bila mtoto, hata watu wakaanza kumpa pole mbele yangu, kana kwamba mimi ni mzigo aliobebeshwa. Kisha Mungu akatupa binti. Tukamwita Mwanamize, na nyumbani Mize.

Hajatimiza hata mwezi, nilikuwa nikimnyonyesha adhuhuri, saa ile kisiwa kizima kimelala na hata kuku wamenyamaza. Nikainamisha kichwa nimbusu kifua. Nikasikia. Shuu. Shuu. Shuu. Sauti nyembamba, kama mtu anayepuliza jiko chumba cha pili. Nikaenda kuangalia chumba cha pili. Hapakuwa na mtu, na jiko lilikuwa baridi. Nikarudi, nikamwekea mtoto kiganja kifuani, na kifua kikatetemeka chini ya mkono wangu kama paka anavyokoroma akipapaswa.

Shee alisikiliza, akainuka. Akaenda kumwita mamake, Bi Somoye. Yeye alilaza sikio muda mrefu, macho kayafumba, na alipoinuka hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

"Ulipokuwa na mimba ya mwana huyu, ulipita wapi?"

Ndugu zangu, sisi watu wa visiwani tuna ada yetu. Ukipita penye magofu ya mji wa kale unapiga hodi, ijapokuwa hapana mlango wala wa kukuitikia. Unasema hodi, unangoja kidogo, ndipo unapita. Mkubwa hufanya hivyo na mtoto hufanya hivyo. Na mimi, nikiwa na mimba kubwa, mbuzi wangu alikimbilia kwenye magofu wakati wa jua kali, nikamfuata kwa matusi. Matusi niliyasema. Hodi sikuisema.

Nilipomweleza hayo, Bi Somoye alipiga kofi moja. "Basi umekuja na mwenyewe wa magofu. Mwana huyu si wako pweke yako."

Ndivyo ilivyoanza! Akaleta ubani, akaleta maji ya waridi. Kila siku baada ya adhuhuri alikuwa akilaza sikio kifuani mwa mjukuu wake, na alipoinuka alitupa maagizo. Mwenyewe hapendi harufu ya samaki. Mwenyewe hataki mtoto akimbie, anatikisika. Mwenyewe hataki mtoto aitwe kwa jina, jina linamchoma. Toka hapo bibi yake akamwita Nyumba, kwa sababu kuna aliyekaa ndani. Na sisi, mimi na baba yake, tukazoea. "Nyumba, njoo unywe uji." Fikirieni. Nilikuwa nikimwita mwanangu hivyo na ulimi wangu haukujikwaa.

Halafu watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa jirani aliyepotelewa na nanga. Alipiga magoti, akalaza sikio kwenye kifua cha Mize, akauliza kwa sauti ya chini. Shuu, shuu. Akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka mwambani, akaipata. Baada yake alikuja mwanamke ambaye mwanawe yuko Ulaya na hapigi simu. Akasikiliza, akalia, akaenda zake ametulia. Walikuja hata kutoka visiwa vingine. Mize akiwa na miaka mitano alikuwa tayari anajua kazi yake. Akimwona mgeni mlangoni, anajilaza mkekani mwenyewe, anafungua vifungo vya gauni, anatazama dari.

Mtaniuliza, ile nanga ilipatikanaje? Sijui. Sitasema uongo mbele ya Mungu ili ushuhuda wangu upendeze. Majini wapo, tumefundishwa hivyo, na sikuja hapa kuwakana. Nami nilisikia. Nililaza sikio langu siku moja, na ndani ya ile shuu nikasikia jina langu, taratibu, kama naitwa na mtu aliyeko kisimani. Nilikaa siku nzima nimejifunika shuka, na nje jua linawaka.

Wakati huo mtoto alikuwa akikonda. Mbavu zilihesabika. Akisimama ghafla anapepesuka. Ikaja boti ya wachanja watoto, na muuguzi mmoja kijana akamwekea Mize chombo chake cha masikioni. Akakunja uso. Akahamisha chombo, akasikiliza tena, mgongoni, kwapani. Akatwambia moyo wa mtoto una mvumo, tumpeleke Kismayu akaonwe na daktari wa moyo, tusikae. Mnadhani tulikwenda? Bi Somoye alirudi nyumbani anatembea kama bibi harusi. "Mmeona? Hata mchu wa serikali amemsikia!" Mchu, kwa lugha yetu, ndiyo mtu.

Alasiri yake alilaza sikio, akainuka na agizo jipya, na sauti yake safari hii ilikuwa inatetemeka, kwa sababu alimpenda yule mtoto kuliko nafsi yake, hilo nalijua. Alisema, "Asema, maji ya bahari yakimpita chini, amtwaa."

Basi tukafungwa, ndugu zangu. Daktari yuko ng'ambo ya maji, na maji ndiyo kifo. Shee aliacha kula. Alikuwa anakwenda kazini, anashika shoka, anakaa juu ya ubao mpaka jioni bila kuchonga kitu.

Siku iliyonigeuza ilikuwa siku ya kawaida tu. Watoto wa jirani walikuwa nje wanacheza kukimbizana, kelele zimejaa uani. Nilipita penye chumba cha Mize nikasikia anazungumza. Nikachungulia. Alikuwa ameketi peke yake mkekani, amekunja shingo, kidevu kifuani, ananong'ona ndani ya gauni lake.

"Niwache nende nikacheze kidogo. Nitarudi."

Kisha akangoja. Akangoja huku ameziba pumzi apate kusikia jibu. Alingoja mpaka midomo ikawa ya kijivujivu, akaanguka ubavu.

Nilimdaka. Alizinduka, akaniuliza kwa haya, "Mama, wewe wamsikia? Mimi simsikiangi."

Ee Mola! Miaka yote ile tumeweka masikio yetu pale, na mwenye kifua hakuwa akisikia neno hata moja. Alikuwa akiomba ruhusa kwa kitu asichokisikia, kwa kuwa sisi wazee wake tulimwambia kipo. Nililia mpaka kamasi. Nikatoka nikamfuata Shee kazini kwake.

"Kesho tunamvusha," nikamwambia.

"Mama kasema akivushwa atakufa."

"Na asipovushwa anaishi? Umemtazama mwanao lini, Shee? Usimsikilize. Mtazame!"

Aliweka shoka chini, akaja nyumbani, akamtazama mtoto kwa jinsi ambavyo hutazama mti kabla ya kuukata. Akaenda kutafuta boti.

Bi Somoye hakugomba. Nilitamani angegomba. Asubuhi alikuwa amekwisha kuketi ufuoni na mkoba wake. Nilipomsaidia kupanda niliona kilichomo ndani, kitambaa cheupe kipya kimekunjwa vizuri. Hakunificha. "Nakuja nimuoshe mwanangu mwenyewe," akasema. "Sitaki aoshwe na wageni."

Tukaondoka. Nilimpakata Mize, kiganja changu kifuani pake, nikisoma kila nilichohifadhi, na nisichokihifadhi nikakitunga. Bahari ilikuwa shwari, haina hata kunjo, jua limesimama utosini. Kisiwa kikawa mstari, kisha hakikuonekana tena. Hapo ndipo nahodha alipozima mashine abadilishe pipa la petroli.

Kimya kilichoingia pale, ndugu zangu, sijakisikia kabla wala baada. Na ndani ya kimya kile, shuu. Shuu. Shuu. Boti nzima ilisikia. Watu waliokuwa wakizungumza walikatiza. Mwanamke mmoja alivuta buibui lake lisiguse miguu ya Mize. Bi Somoye aliingiza mkono mkobani akakishika kile kitambaa. Nilihisi kifua kinatetemeka chini ya kiganja changu, haraka, haraka zaidi, nikasema moyoni, ndiyo sasa. Sikuwa na dua tena. Nilisema tu, "Ya Rabbi, huyu ni wako. Si wa mwingine. Kama unamtaka mchukue Wewe."

Mashine ikawaka. Mize akafumbua macho akasema ana njaa.

Kismayu, kesho yake, tulikaa foleni siku nzima, mtoto mkononi mwa baba yake, watu na bajaji wanapita nje, mimi namchungulia pua kila mara nione kama anapumua. Daktari alikuwa Msomali wa makamo, mpole, amechoka. Aliuliza jina la mgonjwa.

"Nyumba," akasema Bi Somoye.

"Mize," nikasema mimi. "Mwanamize binti Shee." Ulimi uliuma kulitamka, lakini haukupasuka, wala hakuna kilichochomeka.

Akampaka mafuta ya baridi kifuani, akaweka kichombo, na kwenye kioo tukaona moyo. Unafunguka na kujifumba, mdogo kama ngumi ya mtoto. Kisha daktari akabonyeza kitu na sauti ikatoka kwenye mashine ikajaa chumba kizima, kubwa mno, SHUU, SHUU, SHUU, kutani, darini, kila upande. Nywele zilinisimama. Bi Somoye aliinuka kitini, akajitanda mtandio vizuri, akasema kwa heshima zote, "Asalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam, hooyo," akajibu daktari bila kugeuka, maana hooyo ni mama kwa Kisomali, naye alidhani ameamkiwa yeye. Bi Somoye akaketi polepole. Hakuna mwingine aliyeitikia. Nilimwona anangoja.

Daktari akatuonyesha kwa kidole. Ukuta kati ya vyumba viwili vya moyo una tundu. Amezaliwa nalo, lilikuwapo tangu yumo tumboni, na halikuletwa na pahali nilipopita wala nilichosema. Damu inasukumwa kwa nguvu kwenye upenyo mwembamba, ndiyo inapiga kelele. "Na tundu lenyewe ni dogo," akasema. "Madogo ndiyo yenye kelele. Huenda likaziba lenyewe, huenda lisizibe. Mlete kila mwaka nimpime, mumtunze meno, na homa msiidharau. Lakini kwa moyo huu anaweza kukimbia." Akamshika Mize mkono, akauzungushia vidole viwili, na nafasi ikabaki. "Kinachomwangusha ni njaa. Anakula nini mtoto huyu? Nyinyi si watu wa samaki?"

Shee alitoka nje. Nilimsikia akilia ukumbini, na mume wangu si mtu wa kulia.

Kile kitambaa Bi Somoye alikiacha msikitini Kismayu, kwa maiti asiye na wa kumnunulia sanda. Tuliporudi kisiwani alikaanga samaki kwa mkono wake, akamtoa miiba mmoja mmoja, akamlisha mjukuu wake huku machozi yanamtiririkia sahanini. Sikumlaumu, na nisingejua nianzie wapi. Alimpenda vibaya, lakini alimpenda.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia sauti imekoma. Haijakoma! Iko vile vile. Na siku nyingine, adhuhuri, kijiji kikinyamaza na Mize amelala, hunijia hamu ya kuinamisha sikio, kidogo tu, nisikie kama naitwa. Hamu hiyo haijanitoka. Namwomba Mungu, naondoka, natafuta vyombo vya kuosha.

Na watu hawajaacha kuja. Majuzi alifika mwanamke kutoka kisiwa kingine, hajapata habari. Alimkuta Mize uani anamenya embe, akapiga magoti vumbini mbele yake, akamwinamia kifuani na kutoa salamu. Mimi na Bi Somoye tuliganda mlangoni. Mize alimwekea yule mama mkono begani, akamsogeza nyuma taratibu.

"Humu hamna mchu," akamwambia. "Ni mimi tu."

Akaruka ukuta, akakimbilia wenzake.

Alhamdulillahi, na tena alhamdulillahi. Kama kuna mama hapa ambaye mwanawe ana jambo kifuani, na ameambiwa asivuke, namwomba kwa jina la aliyemuumba huyo mtoto, mtegemee Yeye, umbebe, uvuke. Sikwambii usiogope. Ogopa, lakini uogope ukiwa njiani.