Dada Aliyemwandikia Mpinzani Wake Hoja

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliowahi kukaa kwenye madawati yake, asanteni kwa kuja kumsindikiza. Haya ni maisha ya mwalimu wa fizikia ambaye nusu ya mtaa huu ilimwita Mwalimu Puto. Yameandikwa na mdogo wake, mchungaji, na ndiye anayeyasoma. Kwenye karatasi hii atatajwa hivyo hivyo, mdogo wake, wala asitafutiwe cheo kingine. Jumapili iliyopita alisimama madhabahuni akatangaza jambo kuhusu dada yake, nanyi mkapiga makofi. Jambo hilo leo linarudishwa lilikotoka, na aibu yake ataibeba mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, saa mbili asubuhi, katika nyumba ya tatu kutoka kwenye tanuri la matofali. Baba yake alikuwa mfyatua matofali, mama yake mshonaji. Walijaliwa watoto wawili tu, yeye wa kwanza na mdogo wake aliyezaliwa miaka sita baadaye. Alikuwa mbishi tangu akiwa na meno ya utotoni. Mama yao alizoea kusema, "Huyu ukimwambia jua limezama, atakuuliza limezamia wapi, tena atasubiri jibu." Na kweli alikuwa akisubiri, mkono kiunoni, mpaka mama aache cherehani ajaribu kumjibu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza mwaka 1971, mwaka ambao mdogo wake ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Kuanzia siku hiyo daftari la mdogo mtu lilikaguliwa kila jioni kwenye meza ya kushonea, kwa kalamu nyekundu. Mdogo wake alikuwa hodari wa kukariri na mvivu wa kufikiri. Kitabu cha hesabu kilikuwa na majibu kurasa za nyuma, naye alikuwa akichungulia jibu kwanza, kisha anabuni njia ya kufika huko. Dada mtu akachukua kibanio cha nguo akazibana zile kurasa. "Ukifika mwenyewe nitakibandua," alimwambia. "Usipofika, uniambie umekwama wapi. Kukwama si dhambi, Kasuku." Ndiye aliyempa jina hilo, Kasuku, na hakupata kulitumia kwa ubaya. Yeye mwenyewe aliendelea na sekondari, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1981 katika fizikia na hisabati. Darasa lao lilikuwa na watu thelathini na wanne, wanawake wakiwa wawili.

Alifundisha miaka thelathini na saba katika shule moja, chumba kile cha mwisho wa korido, kando ya bomba la maji. Jina la Puto alilipata muhula wake wa kwanza. Alichora vitone vya wino kwenye puto, akalipuliza mbele ya darasa ili wanafunzi waone jinsi vitone vinavyoachana bila hata kimoja kutembea. "Ndivyo ulimwengu unavyotanuka," akawaambia. "Sasa rudisheni nyuma kichwani mwenu. Jana ulikuwa mdogo kuliko leo. Juzi mdogo zaidi. Endeleeni kurudi, miaka bilioni kumi na tatu na ushee, mtafika kwenye kitu kidogo, kilichosongamana, chenye joto lisilosemeka." Mwanafunzi mmoja akauliza kama puto likipasuka inakuwaje. Mwalimu, kwa kuwa hakujua kuacha swali likae, akaendelea kupuliza. Mlio wake ulimfanya mkuu wa shule aje mbio akiwa na kiatu kimoja, akidhani dirisha limevunjwa.

Tarehe 12 Mei 1984 alifunga ndoa na fundi wa redio na televisheni. Alikuwa amempelekea redio, fundi akasema imekufa spika, yeye akasema ni waya, wakabishana mpaka wateja wengine wakavuta viti. Ilikuwa waya. Fundi akaona ubishi wa namna ile bora ahamie nao nyumbani. Walipata watoto wawili, wa kike na wa kiume. Sebuleni kwao kulikuwa na televisheni kuukuu isiyoshika kituo chochote, nayo haikutengenezwa kwa makusudi. Mwalimu alikuwa akiwasha zile chenga akawaambia wageni kwamba chenga chache kati ya hizo ni mabaki ya mwanga wa zamani kabisa, uliosafiri tangu ulimwengu ungali mchanga. Mumewe alikuwa akisema pole pole, "Mke wangu, wageni wanataka kuangalia mpira." Alifariki mwaka 2011, na marehemu hakuolewa tena.

Hapo ndipo mzee mmoja wa kanisa alishauri kwamba msomaji aruke ukurasa unaofuata. Programu imeshachapwa, mnayo mikononi. Ukurasa haurukwi.

Kwa miaka mingi dada na mdogo wake walibishana juu ya mwanzo wa vitu vyote. Yeye akisema ulimwengu unaeleza wenyewe ulivyokua ukiupima kwa uvumilivu. Mdogo wake akisema Mungu alitamka na ikawa, basi, kelele za nini? Dada akiuliza, "Sawa, alitamka. Kwani hutaki kujua ilikuwaje baada ya kutamka?" Ulikuwa ubishi mtamu, na hakuna aliyewahi kuondoka mezani amenuna. Kisha kanisa la mdogo wake likakua, viti vikaongezwa, na mdogo wake akaota pembe. Akamwalika dada yake kwenye mdahalo wa hadhara: *Ulimwengu ulianzaje, sayansi au imani?* Dada alikubali bila kusita. Kitu pekee alichouliza ni kama kutakuwa na ubao.

Jumatano kabla ya mdahalo, mdogo wake alikwenda kwake na daftari la hoja zake. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mchungaji mzima, amepeleka kazi ikakaguliwe! Ndivyo walivyozoea, wala hakuna kati yao aliyeona kichekesho. Dada alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kumtengenezea mpinzani wake silaha.

"Hapa umepinda," alimwambia. "Hakuna mwanasayansi anayesema vitu vilitokea ovyo ovyo. Unampiga mtu ambaye hayupo. Na hii hoja ya chanzo cha kwanza ni nzuri, mbona umeizika katikati? Ilete mbele."

"Sasa dada, si utashindwa?"

"Mimi sitaki kushinda hoja mbovu. Nitapata raha gani?"

Ukurasa wa kumi na moja akaandika pembeni, kwa mwandiko wake ule ulionyooka: *Hapa nibane. Kabla ya mwanzo huo palikuwa na nini, sijui, na hakuna aliyepima. Niulize, nitakiri.*

Jumamosi, tarehe 6 Agosti 2016, saa tisa alasiri, ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka madirishani. Mwalimu alikuja na wanafunzi wake wa klabu ya anga, na puto. Alizungumza vizuri, taratibu, akawasifu wanaoamini, akasema yeye hajaona mahali ambapo kipimo chake kimemfukuza Mungu, wala mahali kilipomwonyesha. Watu walianza kumsikiliza kwelikweli. Mdogo wake aliona mabega yakiinama mbele kumsikiliza mtu mwingine ndani ya ukumbi wake, akaingiwa na wivu. Neno ni hilo, wivu. Kwa miaka saba alikuwa akiliita bidii ya Bwana.

Zamu yake ilipofika hakuuliza. Alilinyanyua daftari juu akasema, "Ndugu zangu, ninao ushahidi kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe! Sikilizeni alichokiandika faraghani: 'Sijui, na hakuna aliyepima.' Hajui! Anaona mwanzo wa dunia kwenye televisheni mbovu, halafu hajui!" Hakusema kwamba dada alimwandikia ili kumsaidia. Aliwaacha watu wadhani amemfuma. Sentensi ya mwisho, ile ya kuomba aulizwe, hakuisoma. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Dada alisimama kujibu, mwenyekiti akagonga kengele, muda umekwisha, na wimbo ukaanzishwa.

Nje, kwenye ngazi, dada alimfuata mdogo wake. Hakuwa amekasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alisema, "Nilikuandikia ili uniulize."

Mdogo wake akacheka. "Aa, dada, mdahalo ni mdahalo."

Baada ya hapo watoto wa mtaa walimpigia dada kelele njiani, "Mwalimu Sijui!" Wazazi kumi na tisa waliwatoa watoto wao kwenye klabu ya anga, ambayo alikuwa ameilea kwa miaka ishirini na mbili, na kabla ya muhula kwisha ikafungwa. Alistaafu mwaka 2018 bila klabu. Mdogo wake alilihubiri tukio lile mara nane, kila mara akilitia chumvi kidogo. Waliendelea kusalimiana. Dada alipika, mdogo wake alikula. Lakini daftari hakulipeleka tena, na dada hakumwita tena Kasuku.

Mwezi Februari 2021 figo zake zilianza kushindwa kazi. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa tatu na nusu kila mara, na kwa muda huo aliwaeleza wagonjwa wenzake namna mashine inavyofanya kazi mpaka fundi wa mashine naye akawa anavuta kiti. Bintiye, ambaye ni muuguzi, alimhudumia hadi mwisho, na mwanawe, seremala, alimtengenezea kiegemeo cha kuandikia kitandani. Wanafunzi wa zamani walikuja kwa zamu. Mdogo wake alikuja pia, alipopata nafasi. Aliipata mara chache.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba mwaka huu, aliingia wodini akiwa na maneno ya kuomba msamaha. Alikuwa ameyakariri ndani ya gari. Alipomwona dada yake amepungua vile, maneno yakageuka mdomoni, akasikia anasema, "Dada, wakati ni mchache. Niambie tu kwamba nilikuwa sahihi."

Dada akamuuliza, "Umekuja kuniona, au umekuja kumalizia mdahalo?"

"Vyote viwili."

Alitabasamu kidogo. "Basi vuta kiti. La mdahalo nimechoka, lakini kaa."

Mdogo wake alitazama saa. Alisema ana ibada ya kuandaa. Hakukaa.

Kesho yake, Jumapili, akawatangazia kwamba dada yake amekiri kitandani, ameyakana aliyoyafundisha. Nyinyi mkapiga makofi, na yeye akafuta machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli, jambo linalomtisha mpaka leo. Jumatatu jirani alikwenda hospitali kumpongeza mgonjwa. Binti alikuwepo, na anasema mama yake alisema, "Mwacheni. Tangu mdogo anachungulia majibu." Jioni ile marehemu alimpigia mdogo wake simu mara mbili. Simu ilikuwa mkononi mwake. Aliona jina, akadhani anataka kumgombeza, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mwalimu alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Wasifu huu uliandikwa mara mbili. Ule wa kwanza ulisema alikiri. Binti aliusoma akiwa amesimama jikoni, bado yumo ndani ya sare yake ya kazi, akaurudisha.

"Mjomba, futa hapa. Mimi nilikuwepo. Hakusema hivyo."

"Mwanangu, watu wameshasikia. Nitawaambia nini?"

"Uliwaambia kwa kipaza sauti. Waambie kwa kipaza sauti."

Basi ndivyo ilivyo. Marehemu hakukiri lolote mbele ya mdogo wake. Hakukana aliyoyafundisha. Kama aliamini, na nini hasa, mdogo wake hawezi kuwaambia, maana katika miaka yote ya kubishana hakuwahi kumuuliza akaacha nafasi ya jibu. Alichosema Jumapili kilikuwa uongo, alikisema juu ya mtu aliye hai asiyeweza kunyanyuka kitandani, na mtu huyo alikisikia. Mkikutana na waliokuwepo siku ile na leo hawapo, wapeni habari hii kama mlivyoipata.

Ameacha binti mmoja, muuguzi. Mwana mmoja, seremala. Wajukuu watatu, na kati yao wakubwa wawili wanasoma katika chumba kile kile cha mwisho wa korido. Na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Ameacha pia mdogo wake mmoja. Mkimaliza hapa kaburini mtapanga mstari kutoa pole, kama ilivyo ada. Wapeni mikono watoto wake. Mdogo wake atakuwa amesimama mwisho wa mstari. Akinyoosha mkono, mpiteni tu. Neno la pole lilikuwa la kwake kulitoa, siku ile alipoambiwa avute kiti.

Apumzike kwa amani, yeye.