Sare ya Koplo Regina Nekesa Kenga (1954–2025)

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kufika. Leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, tuko hapa makaburi ya Mbaraki kumzika Regina Nekesa, mke wa Bwana Kenga Mung'aro na Koplo mstaafu wa jeshi la nchi hii. Familia ilishauriwa iliondoe neno "Koplo" kwenye kijitabu cha ibada, ili kusizuke maneno. Familia imeliacha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 katika nyumba za reli, Makupa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Wekesa, fundi wa mabehewa, na mkewe Mama Janet. Kwao Bungoma ilikuwa ni majira ya mavuno, ndipo nyanya yake akatuma neno kwamba mtoto aitwe Nekesa. Mwenyewe alikuwa akicheka. Jina la mavuno, na mahindi aliyoyajua ni ya soko la Marikiti tu.

Alisoma shule ya msingi hapo Makupa, kisha akamaliza kidato cha nne mwaka 1972 katika shule ya wasichana ya watawa hapa kisiwani Mombasa. Alikuwa na sauti safi, inayosikika mbali bila kupigiwa kelele, na mtawa aliyefundisha kwaya alitamani sana aingie utawani. Yeye alitaka uaskari. Babake alikataa kwa muda mrefu.

"Jeshini si mahali pa binti yangu," alisema.

"Baba, na reli haikuwa mahali pako, lakini ulikuja."

Asubuhi yake mzee alikwenda mjini akarudi na viatu vya mazoezi, akaviweka mlangoni pa chumba cha bintiye.

Marehemu alijiunga na kikosi cha wanawake mwezi Machi 1974, akafunzwa mawasiliano ya redio na simu. Alifanya kazi katika kambi tatu na kupandishwa cheo kuwa Koplo mwaka 1979. Mwezi Agosti 1982, siku zile za jaribio la mapinduzi ambazo wengi wenu mnazikumbuka, alikaa kwenye mtambo wa simu akiunganisha makamanda huku risasi zikisikika nje. Aliyepaswa kumpokea zamu hakufika, naye hakuinuka. Hakupewa nishani, wala hatukumsikia akiiulizia.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa kanisani, hapa Mombasa, na Bwana Kenga, mwenyeji wa Kaloleni, wakati huo karani bandarini. Kikosini mwao askari wa kike hakuruhusiwa kuolewa na kuzaa akabaki kazini. Askari wa kiume aliyeoa alipewa nyumba. Marehemu aliondoka jeshini Januari 1984, kwa heshima, bila doa katika kazi yake. Alirudisha kila kitu alichopewa. Alipofika kwenye sare ya gwaride, kamanda wake, mama mmoja mkali ambaye hakuwa na kawaida ya kutabasamu, alimsukumia nguo zile zikiwa zimekunjwa. "Hii nenda nayo, Koplo," akamwambia. "Hakuna mwingine atakayeijaza." Mtoto aliyezaliwa mwaka huo ni mimi, Ketty, ninayewasomea haya.

Baadaye aliajiriwa kupokea simu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, yenye ofisi Mji wa Kale, akafanya kazi hapo hadi simu za mkononi zilipoumaliza mtambo wake mwaka 2009. Tulikaa Majengo kwanza, kisha Tudor. Wa Tudor mnakumbuka alivyotuita kwa chakula cha mchana kutoka roshani ya ghorofa ya pili: "Ketty, Ketty, ugali tayari. Rudia nisikie!" Nasi tulirudia kutoka uwanjani, na watoto wa nyumba nyingine wakarudia pia, na wengine wakapanda nasi kuja kula.

Sare yake alikuwa na mipaka nayo. Aliivaa siku ya kuwakumbuka askari waliokufa, mwezi wa Novemba, na siku ya kumzika mwenzake wa kikosi. Basi. Hakuivaa harusini, wala kanisani siku ya Pasaka, wala kupigia picha. Mwaka 2017 mwanasiasa mmoja alikuja na watu wake akimtaka akae jukwaani na wastaafu wengine, wote wavae. Marehemu aliwapa chai, akawaambia, "Nguo hii si ya kumpigia mtu makofi." Waliondoka wakimwona ana maringo.

Jumapili tarehe 12 Novemba 2023 alivaa kama kawaida yake akaenda kwenye sherehe ya ukumbusho mjini. Baba alifuatana naye akiwa na kanzu yake nyeupe. Langoni, afisa kijana wa polisi alimsimamisha.

"Mama, hii ni nguo ya nani? Ya mzee?"

"Mzee alikuwa karani. Nguo ni yangu. Koplo Nekesa, mawasiliano."

"Una ruhusa ya kuivaa?"

"Niliruhusiwa na kamanda wangu mwaka themanini na nne."

Yule afisa aliwageukia viongozi wa chama cha wastaafu waliokuwa wamesimama karibu, vifua vikimeremeta nishani. Wengine walimjua marehemu kwa miaka. Mmoja wao alisema, nasi tunayanukuu maneno yake kama baba alivyoyasikia, "Huyu alikuwa mpokea simu. Sare ni ya waliopigana." Waliobaki walitazama chini.

Akaambiwa kuvaa sare bila idhini ni kosa, aivue au apelekwe kituoni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Aliivulia katika choo cha umma kilichokuwa kando ya uwanja. Rafiki yake Mejumaa, muuza matunda wa Marikiti ambaye alikuwa amekuja kumtazama akipita kwenye gwaride, alivua leso mbili alizojitanda juu ya buibui lake akampa.

"Jifunge hizi, shoga. Leso haina serikali."

Polisi waliichukua sare wakasema ni ushahidi. Marehemu hakuondoka. Alisimama nje ya uzio na leso zake mpaka tarumbeta ilipolia, akakaza mikono ubavuni pamoja na waliokuwa ndani. Wakati huo huo msafara wa mheshimiwa mmoja uliingia, walinzi wake wamevaa suruali za madoadoa kama za jeshi, na lango likafunguliwa kwa saluti.

Kesi haikufika mahakamani kamwe. Marehemu na baba walikwenda kituoni mara nyingi kuomba nguo zirudishwe. Jibu lilikuwa moja: mwenye ufunguo wa stoo hayupo, rudini Jumatatu. Kuanzia hapo hakuzungumzia jeshi tena. Alipoulizwa na wajukuu alikuwa akifanya kazi gani zamani, alijibu, "Nilikuwa mpokea simu."

Tarehe 9 Machi 2025 alipatwa na kiharusi akiwa anaanua nguo. Alilazwa hospitalini, akarudi nyumbani mwezi wa Aprili, lakini ile sauti ilikuwa imekwisha. Tulimwelewa kwa macho na kwa mkono wa kushoto. Aliaga dunia nyumbani Tudor, asubuhi ya Ijumaa tarehe 6 Juni, baba akimnywesha uji.

Jumanne iliyopita meja mmoja kutoka kambini alikuja kutupa pole. Alikuwa mtu muungwana, naye hatumlaumu. Alituambia amechunguza jambo lile: marehemu alikuwa na haki ya kuvaa siku ile, na aliyemzuia hakuzijua kanuni. Akasema familia inaweza kumzika na sare yake.

Baba alimwambia, "Haya, ilete."

Meja alikwenda kituoni mwenyewe. Alirudi jioni mikono mitupu. Stoo ilivuja masika ya mwaka jana, na vilivyooza vilitupwa. Akaahidi kuleta sare mpya asubuhi, ya kipimo chochote tutakachotaja.

"Ahsante, bwana meja," baba akasema. "Mpya si yake. Yake aliivua chooni, na wenye nguo kama hiyo wakitazama chini."

Marehemu amevaa gauni la chama cha akina mama wa kanisa.

Ameacha mume, Bwana Kenga Mung'aro; watoto, Ketty, Jeremy na Winnie; wajukuu sita; mdogo wake, Tony Wekesa; na Bi. Mejumaa, ambaye kwetu ni mama.

Tunawaona viongozi wa chama cha wastaafu mliokuja na sare na nishani zenu. Mlituma mtu kuuliza kama mtapokewa. Baba amesema mpewe viti vya mbele, na pasiwe na mtu wa kuwauliza mlizipata wapi nguo hizo.

Mungu ampokee Regina Nekesa, ampe pumziko alilolikosa kwetu.