Mfuko wa Shati la Mzee Ratili

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo wengi mlimwita Mzee Ratili kwa ajili ya kazi yake ya mizani. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa mwashi na mkulima wa mboga.

Alianza shule Januari 1959. Alipofika darasa la tano alikabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu. Siku ya kufunga muhula mwalimu alikuta kabati tupu na begi la marehemu likikaribia kupasuka. "Niliona vitapata upweke likizo nzima," alijitetea. Mwalimu akamwacha aende navyo, na huenda hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1970, kisha mafunzo ya vipimo mwaka 1972.

Kuanzia tarehe 2 Januari 1973 hadi alipostaafu Juni 2011 alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka masokoni na sanduku zito la mawe ya chuma, akihakikisha kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Hakupokea kwa mtu hata kitunguu. Ila nyumbani, tuseme ukweli, mdanganyifu alikuwa yeye.

Tarehe 8 Desemba 1979 alimwoa fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu. Alimwahidi mkewe kile chumba cha nyuma chenye dirisha, awe anashonea humo. Vitabu vikawahi kuingia. Cherehani ilikaa kwenye korido miaka arobaini na mbili, na kila mpita njia alipita kiubavu. Kila Januari marehemu aliapa kwamba safari hii ameacha kabisa kununua vitabu, na kiapo hakikuvuka wiki ya pili. Mkewe akaanza kumshonea mashati yenye mfuko wa kutosha kalamu tu, asipate pa kufichia kitabu. Marehemu akahamia kwenye sanduku: mawe akayaacha ofisini, vitabu akavileta nyumbani. Jioni moja mkewe alimtazama pale mlangoni.

"Leo bega halijainama. Mawe yako wapi?"

"Yamo."

"Hebu fungua tuyaone."

Vilikuwa vitabu kumi na kimoja, viwili kati yake alikuwa navyo tayari. Mkewe hakupiga kelele. "Mimi sigombani na vitabu, mume wangu," alisema. "Nataka pahali pa kuweka meza yangu." Marehemu aliona aibu kweli, na wiki iliyofuata akanunua kingine.

Februari 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi. Alimwita mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. "Njoo na gari," alimwambia. "Sitaki kufa kabla mke wangu hajapata chumba chake." Maboksi sitini na matatu yakaenda kwenye shule ya jirani, naye akageukia ukutani ili asiyaone yakitoka. Cherehani iliingia chumbani tarehe 19 Agosti. Kwa wiki tatu marehemu alitulia. Wiki ya nne, akitoka hospitali kusafishwa damu, alikutwa garini amekalia kitabu. Mkewe alikichukua, akakiweka kwenye rafu juu ya cherehani, akasema, "Hiki kimoja tu." Vilifika arobaini. Kitanda chake kikahamishiwa humo, akawa anasoma kwa sauti huku mkewe akishona. Sisi tuliowajua hatukuwahi kuwaona na furaha kama ile.

Alifariki humo humo Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, katikati ya ukurasa. Mkewe alisikia kimya, akadhani anatafuta miwani. Akamsubiri amalizie.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane, ndugu wanne, na vitabu thelathini na tisa.

Shati alilovaa limeshonwa na mkewe juzi, katika chumba chake mwenyewe. Mfuko wake ni mpana ajabu. Mdogo wake alipouliza kama kipimo kimekosewa, alijibiwa, "Sikukosea, shemeji. Nilipimia kitabu chenyewe." Kitabu kimo mfukoni humo, na kipande cha uzi kimewekwa pale alipoishia.

Kaka, lala salama.